Hati ya Kodi Isahihishwe Ilipokosewa



Kila mwaka uishapo, mwajiri apaswa kumpa mtumishi wake hati ya kuonyesha mapato aliyolipwa mwaka mzima na kodi iliyokatwa katika mapato hayo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 yaagiza hati hiyo itolewe isipite tarehe 30 Januari. Na mtu akiacha kazi katikati ya mwaka, apewe yake katika muda wa siku 30. Wengi wetu huiona karatasi hii kuwa ya kutiwa sandukuni tu. Sisi twaiona kuwa ni jambo la haki. Tena twasema kwamba kosa likionekana ndani yake, lazima lisahihishwe waziwazi, kwa hati mpya, na ofisi ile ile iliyoiandika.

Yafaa kwanza tufahamu sababu. Mtumishi wa Tanzania Bara asiye na mapato mengine ila mshahara wa mwajiri mmoja hatakiwi kupeleka ritani ya mwaka kwa Mamlaka ya Mapato. Kodi aliyokatwa kila mwezi ndiyo mwisho wa habari. Wenzetu wa Kenya hawako hivyo. Wao hupewa fomu iitwayo P9, kisha kila mmoja hupeleka hesabu yake mwenyewe kabla ya kwisha mwezi wa Juni. Basi kosa la karani wa Nairobi laweza kugunduliwa na mwenye mshahara aandikapo hesabu yake. Kosa la karani wa Dodoma hulala kimya, kwa kuwa hapana mtu wa pili anayehesabu. Urahisi huu tuliopewa ni neema, lakini umeweka amana kubwa mikononi mwa makarani wa mishahara.

Makosa haya hutokea wapi? Mahali pa kwanza ni mchango wa pensheni. Mtumishi wa umma huchangia asilimia 5 ya mshahara wake katika Mfuko wa PSSSF, ulioanza kazi mwaka 2018, na mchango huo huondolewa kabla ya kodi kuhesabiwa. Tuchukue mfano wa mtu mwenye mshahara wa shs. 900,000. Mchango wake ni shs. 45,000; zinabaki shs. 855,000 za kutozwa kodi. Kwa viwango vilivyoanza tarehe 1 Julai 2021, kodi yake ni shs. 91,750 kwa mwezi. Karani akisahau kuuondoa ule mchango, kodi hufika shs. 103,000. Tofauti ni shs. 11,250 kwa mwezi, nayo kwa mwaka ni shs. 135,000. Hizo ni karo ya mtoto, au mabati ya kuezekea chumba.

Mahali pa pili ni posho. Sheria haihesabu katika mapato ya kodi posho ya nyumba, ya usafiri, ya madaraka na ya kazi za ziada alipwazo mtumishi wa Serikali, au wa taasisi inayoendeshwa zaidi kwa fedha za bajeti ya Serikali. Katika makampuni ya watu binafsi mambo ni mengine. Huko posho ya nyumba hutozwa kodi. Karani aliyejifunza kazi katika kampuni, kisha akaja katika ofisi ya umma, aweza kuzichanganya desturi hizi mbili pasipo nia mbaya.

Mahali pa tatu ni mabadiliko ya viwango. Mwaka wa kodi ya mtumishi huanza Januari, lakini Sheria ya Fedha huanza Julai. Wakazi wa Dodoma watakumbuka kwamba ilikuwa hapa mjini, siku ya Mei Mosi ya mwaka 2016, Rais Magufuli alipotangaza kushushwa kwa kiwango cha chini cha kodi ya mshahara kutoka asilimia 11 hadi 9. Mwaka 2021 kikashuka tena hadi 8. Basi hati ya mwaka kama huo ina nusu mbili, na kila nusu ina hesabu yake. Aliyekuwa na shs. 500,000 za kutozwa kodi alipaswa mwaka 2021 kukatwa shs. 20,700 kila mwezi mpaka Juni, na shs. 18,400 tangu Julai. Anayezidisha kiwango kimoja kwa miezi 12 hukosea, hata kama kalamu yake ni safi.

Wako wasemao, "Kosa likionekana, tulifidie kimya kimya katika mshahara wa mwezi ujao, ofisi isiaibike." Sisi hatukubali. Hapa Kizota tuna maghala ya hifadhi ya chakula ya Taifa. Gunia likipimwa vibaya hurudishwa juu ya mizani. Hakuna mpimaji mwaminifu asemaye kwamba gunia lijalo litafidia, maana hapo yatakuwa magunia mawili yenye hesabu ya uongo. Vivyo hivyo, ukifidia kosa la Desemba kwa mshahara wa Februari bila kuandika popote, hati za miaka miwili zimeharibika badala ya moja. Mtumishi akihama, akistaafu au akifa, nani ataeleza?

Yatazameni ya Marekani. Huko hati ya mwaka huitwa W-2, nayo ikikosewa iko fomu maalumu ya kuisahihisha, yenye nafasi ya kiasi kilichoandikwa kwanza na nafasi ya kiasi kilicho sahihi, bega kwa bega. Hapana aibu ndani yake. Ni utaratibu wa kazi. Nasi twaweza kufuata mfano huo bila kungoja mtu.

Shauri letu ni hili. Mtumishi azitunze hati zake 12 za mshahara, azijumlishe, na kuzilinganisha na hati ya mwaka. Akiona tofauti, aandike barua akitaja mwezi na kiasi. Karani ahesabu upya mwezi kwa mwezi, atoe hati mpya yenye neno "marekebisho", tarehe na sababu, kisha mwajiri aisahihishe hesabu aliyoipeleka kwa Mamlaka ya Mapato. Fedha iliyozidi isiachwe ipotee, kwani Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 imeweka njia ya kuomba marejesho.

Lakini haki haina upande mmoja. Aliyekatwa kidogo kuliko inavyopasa naye aseme. Sheria humtaka mwajiri ailipe kodi ambayo hakuikata, kisha humpa haki ya kuidai kwa mtumishi. Deni la miezi miwili hulipika. Deni la miaka mitatu huivunja nyumba.

Wazee wetu, tangu zama za kodi ya kichwa hadi kodi ya maendeleo iliyofutwa mwaka 2003, walitunza stakabadhi zao kama roho, kwa kuwa asiye na karatasi alihesabiwa kuwa hakulipa. Nasi tusiwe wazembe kuliko wao, hali tumesoma. Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kila karani wa mishahara na atoe hati ambayo yeye mwenyewe angekubali kuipokea; na kila mtumishi na aisome yake kabla ya kuikunja.