Matawi Mnayoyachoma, Tupeni Tuyapande

Kila mwaka mwishoni mwa Machi, kaskazi inapolegea na mawingu ya masika yanapoanza kutanda, moshi hufuka nyuma ya majumba ya wageni kuanzia Galu hadi huku kwetu Kinondo. Kinachochomwa ni matawi ya asumini, ya bogenvilia na ya haibiskasi, yaliyokatwa juzi tu na bado yana maji ndani. Mimi kazi yangu ni bustani tangu ujanani, na nasema wazi kwamba huu ni ufujaji ambao unaweza kukomeshwa msimu huu huu.

Mambo huanza kuharibika kwenye ukataji wenyewe. Siku hizi wenye majumba wanataka wigo ulionyooka kama ukuta, basi mashine hupitishwa kila wiki. Asumini huchanua kwenye ncha za matawi machanga. Ukizikata ncha kila Jumatatu, maua yatatoka wapi? Ndiyo maana unaweza kuufuata wigo mrefu wa asumini usisikie harufu hata chembe, kisha ukaingia kijijini ukakuta kichaka kimoja tu kando ya kisima, hakijaguswa tangu masika yaliyopita, na magharibi ikiingia kinanukia mpaka njiani.

Asumini hukatwa mara moja, tena kwa moyo mkavu, maua ya kaskazi yakishapungua. Ondoa kwanza matawi yaliyokufa na yanayosuguana, halafu punguza yaliyobaki kwa theluthi hivi. Kichaka kikongwe, ambacho chini kimebaki vigogo vitupu, kinastahimili kukatwa hadi usawa wa magoti. Mwenye nyumba atalalamika kwamba bustani imekuwa upara. Mwambie asubiri mvua.

Sasa tuje kwenye lile rundo linalosubiri kiberiti. Chagua tawi lisilo changa sana wala gumu kabisa, linalopinda kabla ya kuvunjika. Kata kipande cha inchi sita chini kidogo ya kifundo, maana mizizi hupenda kutokea hapo. Pukutisha majani ya chini, acha mawili ya juu. Yakiwa makubwa yakate nusu yasinyonye maji mengi. Chomeka kipande hicho kwenye kifuu cha nazi kilichotobolewa, chenye mchanga uliochanganywa na mboji. Mchanga usiwe wa ufukweni. Ule una chumvi, tena ni matumbawe yaliyosagika, na asumini ikipandwa humo majani hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Hata maji ya visima vyetu vingi huku yana chumvi kidogo, kwa hiyo kinga ya mvua. Weka kivulini. Baada ya mwezi mmoja na nusu hivi kivute polepole. Kikikataa kuja, kimeshika. Bogenvilia nayo hutaka kijiti kigumu cha unene wa penseli, na siku ya kuihamisha usiukung'ute udongo, kwa kuwa mizizi yake hukatika upesi.

Kuna mama jirani yangu anayefunga vikuba vya harusi kwa asumini na rihani. Rihani haimpi taabu: anaikata kabla haijakomaza mbegu, anatia vijiti kwenye gilasi ya maji, na baada ya siku chache vina mizizi. Asumini ndiyo humpungukia. Aliniuliza, "Mwanangu, huko unakofanya kazi hawaikati asumini?" Wanaikata, mama. Wanaichoma. Na mwenye nyumba aliyeichoma akitaka kujaza pengo, anaagiza miche iliyoletwa kwa lori kutoka bara, iliyozoea udongo mwekundu, ambayo ikifika kwenye mchanga wetu inaanza kusinyaa.

Thamani ya kipande cha mmea wengine waliijua zamani. Mwaka 1892, Walter von Saint Paul, afisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alimpelekea baba yake Ujerumani ua dogo la zambarau la Usambara. Mwaka uliofuata lilipewa jina la Saintpaulia. Leo liko madirishani Ulaya na Marekani, na huzidishwa kwa jani moja tu linalochomekwa mchangani. Jamaa yake mwingine huota kwenye miamba ya Kilifi, na ni wachache mno wetu waliowahi kumwona.

Sisemi kila tawi lipandwe. Lantana ichomwe, hiyo nakubali kabisa, maana ndege hula matunda yake na kuisambaza vichakani. Tumekwisha kuona mwarobaini, mti wa kutoka Bara Hindi, ulivyoingia kwenye misitu ya pwani. Wala asije mtu akatafuta vipandikizi Kaya Kinondo. Msitu ule uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, na wazee hawaruhusu kitu kitoke mle, hata jani. Wanafanya vema. Maua ya kukata na kugawana yatoke kwenye bustani zetu.

Ninachoomba kwa mameneja wa hoteli na wenye nyumba za Diani na Galu hakina gharama. Siku moja kabla ya kukata, mwambieni mtunza bustani apeleke habari kijijini na kwenye shule ya jirani. Asubuhi yawekeni matawi kando ya geti, kivulini, yafunikwe gunia lililoloweshwa maji, na mlinzi aambiwe asimfukuze anayekuja kuchukua. Ifanyike mapema, kabla ya saa nne, kwa sababu tawi la asumini likipigwa na jua mpaka adhuhuri halifai tena kupandwa.