Shufaa ya kweli mbele ya hakimu

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti



Ndugu msomaji, wiki chache zilizopita, baada ya sala ya Magharibi, mama mmoja wa mitaa yetu ya Kariakoo alinisubiri mlangoni mwa ofisi ya msikiti. Mwanawe, muuzaji katika duka la vitambaa, ameshitakiwa kwa kumwibia tajiri wake. Yuko nje kwa dhamana, na nyumbani amekwisha kukiri kwamba fedha za mauzo alizichukua. Mama akasema: "Katibu, niandikie barua yenye muhuri, useme mwanangu hakosi sala ya jamaa Alfajiri. Jirani ameniambia atafungwa miaka kumi."

Kijana huyo namfahamu. Alfajiri sijamwona tangu Ramadhani. Mkono wangu ulikuwa mzito, lakini macho ya mama yalikuwa mazito zaidi. Nikamwomba aketi, nikamweleza kwanza jambo ambalo familia zetu nyingi hulijua baada ya hukumu, wakati limekwisha kuchelewa.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria zetu, hugawa makosa katika mafungu mawili. Makosa makubwa ni yale ambayo sheria imeyataja hivyo, au yale ambayo adhabu yake ni kifo au kifungo cha miaka 3 na zaidi. Yaliyosalia ni makosa madogo. Na pale ambapo Kanuni haikutaja adhabu mahsusi, kosa la namna hiyo hubeba kifungo kisichozidi miaka 2, au faini, au vyote viwili. Tofauti hii si ya majina tu. Majirani waliogombana na kupigana makofi, mahakama yaweza kuwahimiza wapatane na shauri likaishia hapo. Kosa kubwa halina mlango huo.

Wizi wa kawaida una adhabu ya hadi miaka 7. Mtumishi anapomwibia mwajiri wake, adhabu hufika hadi miaka 10, kwa sababu pamoja na mali amevunja amana. Hapo ndipo jirani alipoitoa miaka yake kumi. Lakini alilisahau neno "hadi". Kiwango hicho ni dari, na hakimu ana ruhusa ya kutoa kifungo kifupi zaidi. Tena mahakama nayo ina dari yake: katika Mahakama ya Mwanzo, kifungo kwa kawaida hakivuki miezi 12.

Yapo makosa ambayo sheria imemfungia hakimu mlango wa chini. Unyang'anyi wa kutumia silaha adhabu yake haipungui miaka 30. Wazazi wa mjini, tulifikishe hili kwa vijana wetu. Kijana anayemtishia mpita njia kwa kisu na kumpora simu hudhani amefanya utundu wa mtaani. Mbele ya sheria amekwisha kuingia katika miaka 30, na machozi ya mama hayawezi kuipunguza hata mmoja.

Pale ambapo hakimu ana nafasi ya kuchagua, huangalia nini? Baada ya kumtia mshitakiwa hatiani, humwuliza mwendesha mashtaka kama mtu huyu ana kumbukumbu za makosa ya nyuma. Kisha humpa mkosaji nafasi ya kujieleza kwa nini apunguziwe adhabu. Hatua hii katika mahakama zetu huitwa shufaa, neno tunalolijua kutoka darsani. Hakimu hupima ukubwa wa madhara, thamani ya kilichoibwa, kama amana ilivunjwa, umri wa mkosaji, kama ni mara yake ya kwanza, kama amekiri bila ya kuisumbua mahakama, muda aliokwisha kukaa mahabusu, na kama amerudisha mali ya watu. Mahakama yaweza pia kuamuru fidia kwa aliyedhulumiwa. Kwa kosa jepesi la mara ya kwanza, mkosaji aweza kuachiwa kwa sharti la kutotenda kosa jingine katika muda usiozidi miezi 12. Aweza kuwekwa chini ya uangalizi, au kutumikia jamii chini ya sheria ya mwaka 2002, ambayo watu huiita kifungo cha nje. Ama aliye chini ya miaka 18, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumhukumu kifungo cha jela.

Basi barua ya msikiti ina nafasi yake, nayo ni katika shufaa. Haithibitishi kwamba mtu hakuiba. Nayo ikiwa ya uongo, mwendesha mashtaka aweza kuuliza maswali mawili tu, ikaanguka pamoja na heshima ya msikiti na ya kila kijana mwema atakayeihitaji kesho.

Sisi Waislamu tuna la kuzingatia zaidi. Surat An-Nisaa inapambanua shufaa njema na shufaa mbaya, na kila mwenye kuombea ana fungu lake katika aliloliombea. Twakijua pia kisa cha Usama bin Zayd (r.a.), aliyetumwa kumwombea mwanamke wa ukoo mkubwa aliyeiba, na jinsi Mtume (s.a.w.) alivyoikataa shufaa ile. Kuombea kupunguziwa kwa sababu za kweli ni huruma. Kuombea kwa sababu ya ukoo, au kwa ushahidi wa uzushi, ni kuidhulumu haki ya aliyeibiwa.

Nikamwambia mama: "Sala yake ya Alfajiri siwezi kuiandika. Lakini nitaandika ninayoyajua." Nikaandika kwamba tunamfahamu tangu utoto wake madrasa, kwamba hatujapata kusikia kesi nyingine juu yake, na kwamba ndiye anayemlipia mdogo wake mahitaji ya shule. Nikamshauri waanze kumrudishia tajiri fedha zake kidogo kidogo, kwa maandishi na mbele ya mashahidi. Nikamwonya pia kwamba kijana asikiri mahakamani jambo asilolitenda, eti kwa kuambiwa na wenzake kwamba anayekiri huachiwa. Akiri alilolitenda, kwa kiasi alichokitenda. Na asiporidhika na hukumu, kutoka Mahakama ya Mwanzo rufaa hukatwa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30.

Aliisoma barua mara mbili, akainama. "Ni fupi," akasema. Kisha akaongeza: "Lakini ni yake."

Kesi bado haijafika mwisho. Nilipoieleza kamati, tumekubaliana kwamba muhuri wa msikiti hautagonga barua ya mtu ambaye hakuna miongoni mwetu amjuaye. Nanyi wazazi, msingoje hati ya mashtaka ndipo mtuletee watoto wenu tuwajue.

Wabillahi tawfiq.