Vazi la Mzaha na Hofu ya Jirani

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Juma hili tunalizungumzia suala lililoletwa kwetu na mzazi mmoja wa hapa Runzewe baada ya swala ya Ijumaa. Kijana wake, mwanafunzi wa sekondari, ameshona kwa mkono wake vazi la mifupa: shuka jeusi lililochorwa mbavu kwa chokaa, pamoja na kinyago cha boksi kilichotobolewa macho. Mfano wa vazi hilo aliuona katika simu, kwenye picha za vijana wa nje wanaoadhimisha sikukuu iitwayo Halloween. Yeye hakungoja sikukuu. Hulivaa jioni akienda kwa rafiki zake, na akitumwa dukani huenda nalo vivyo hivyo. Wenzake wamependezwa, nao wameanza kushona ya kwao. Mama akauliza: je, hili ni kosa katika dini, au ni utoto utakaopita wenyewe?

Swali hili linastahili jibu la taratibu. Wapo watakaosema haraka kwamba ni haramu na mazungumzo yaishie hapo. Wapo pia watakaocheka na kusema kwamba vijana waachwe wacheze. Sisi tunaona kwamba majibu yote mawili yanamwacha mzazi pale pale alipokuwa.

Tuanze na asili ya jambo lenyewe. Halloween ni usiku wa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote ambayo Wakristo wa magharibi huiadhimisha tarehe 1 Novemba. Mizizi yake mingine ni ya kale zaidi. Watu wa Ireland na Scotland walikuwa na sikukuu ya kufunga mavuno na kuingia majira ya baridi, na waliamini kwamba katika usiku huo roho za wafu hukaribia makazi ya walio hai. Wahamiaji, hasa kutoka Ireland, waliichukua desturi hiyo hadi Marekani katika karne ya 19. Mavazi ya zamani yalikuwa ya kujitengenezea nyumbani: matambara, masizi usoni, na taa zilizochongwa katika mizizi ya mboga kabla ya maboga kushika nafasi hiyo. Viwanda na maduka yalikuja baadaye, yakaigeuza biashara kubwa.

Muislamu akiijua asili hiyo hana haja ya kubabaishwa. Sikukuu zetu ni mbili, Idd el Fitri na Idd el Hajj, na Mtume (s.a.w.) ametuonya, katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, kwamba anayejifananisha na kaumu huhesabiwa kuwa ni miongoni mwao. Kuiadhimisha Halloween kama sikukuu si jambo letu, na katika hilo hatuna mjadala. Lakini kijana huyu hakuadhimisha sikukuu yoyote. Ameshona nguo akaivaa siku ya kawaida ili acheke na wenzake. Kwa hiyo tunapaswa kuuliza swali la pili: dini inasemaje kuhusu mchezo wenyewe?

Dini haikuuziba mlango wa mchezo. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) aliporejea kutoka safarini, upepo ulilifunua pazia akaona wanasesere wa Bibi Aisha (r.a.), na katikati yao farasi mwenye mbawa mbili za vipande vya nguo. Akamuuliza, farasi ana mbawa? Bibi Aisha akamjibu kwa kumkumbusha kwamba Nabii Sulaiman (a.s.) alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana. Tumtazame farasi huyo, wazazi wenzetu.  Mbawa zake zilikuwa za matambara, na Mtume wa Allah hakuikemea kazi hiyo. Vilevile, siku ya Idd, Wahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini, na Mtume akamsimamishia mkewe nyuma yake atazame mpaka atosheke.

Kwa hiyo, kijana anayejua kukata nguo, kushona na kubuni ana neema mikononi mwake. Mzazi asianze kwa kuchana vazi lile. Aanze kwa kuusifu mshono, kisha ndipo aulize: mwanangu, nani anakuona unapopita na vazi hili, na moyo wake unakuwaje?

Hapo ndipo penye uzito wa suala hili. Amepokea Abu Daud kwamba masahaba walikuwa safarini pamoja na Mtume (s.a.w.), mmoja wao akalala. Baadhi yao wakaiendea kamba aliyokuwa nayo wakaichukua, naye akashtuka. Mtume akabainisha kwamba si halali kwa Muislamu kumtia hofu Muislamu mwenzake. Tuzingatie jinsi mzaha ule ulivyokuwa mdogo. Hapakuwa na damu, hapakuwa na kinyago, hapakuwa na usiku wa kutisha. Ilikuwa kamba tu, na waliofanya ni watu wema. Hata hivyo mstari ukachorwa pale pale penye mshtuko wa yule aliyelala. Kama kamba imekatazwa, mifupa ya chokaa inayotokea ghafla gizani kwenye kona ya nyumba ya jirani itakuwaje?

Tena tusisahau kwamba tunaishi Runzewe. Huko picha zile zilikotoka, anayevaa vazi la mchawi hukutana na watu wanaojua kuwa ni mchezo, na watoto huwagongea mlango wakapewa peremende. Katika ukanda wetu huu wa Geita na Shinyanga, neno mchawi limeua watu. Tunawajua bibi zetu ambao macho yao yamekuwa mekundu kwa miaka mingi ya kupulizia moto wa kuni na wa samadi, na wekundu huo ukafanywa ushahidi dhidi yao. Wamekatwa mapanga usiku majumbani mwao kwa sababu ya mtoto wa jirani aliyeugua, ng'ombe aliyekufa, au shamba lenye mgogoro wa mirathi. Bibi kama huyo, anayelala na hofu kila siku, akichungulia dirishani akaona umbo la mifupa linapita uani, hatacheka. Na asubuhi, jirani mwingine aliyeliona umbo lile likipita karibu na nyumba ya bibi huyo, atasema nini? Atasema kwamba misukule imeonekana kwa fulani. Mzaha wa vijana watano unaweza kumwachia mjane tuhuma isiyofutika.

Lipo jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Baadhi ya vijana hujipaka unga au chokaa uso mzima ili wafanane na mzimu. Wengine, Allah atulinde, hufanya hivyo kuwaigiza ndugu zetu wenye ualbino. Wilaya yetu ya Bukombe ina jeraha katika jambo hili. Desemba 2008, wakati wilaya ikiwa bado katika mkoa wa Shinyanga, mtoto wa miaka 14 mwenye ualbino aliuawa hapa, na Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa mauaji hayo. Februari 2015, katika wilaya ya Chato ndani ya mkoa wetu huu wa Geita, mtoto wa umri wa mwaka mmoja alinyakuliwa mikononi mwa mama yake, akakutwa amekufa na viungo vimekatwa. Mwaka 2024 huko Muleba, mkoa wa Kagera, mtoto mwingine mdogo alitendewa hivyo hivyo. Wapo watoto waliolazimika kuacha nyumba zao na kulelewa katika vituo kama Buhangija, Shinyanga, kwa kuwa usiku wa kijijini kwao haukuwa salama.

Katika nchi yenye kumbukumbu hizo, kumgeuza mtu mwenye ualbino kuwa kinyago cha kuchekesha ni dhuluma. Allah (s.w.), katika Surat al-Hujurat, aya ya 11, amekataza watu wasiwadharau watu wengine, kwani huenda wanaodharauliwa wakawa bora kuliko wanaodharau. Anayejipaka chokaa hunawa maji akarudi kama alivyokuwa. Mwenzake ambaye ngozi yake ndiyo hiyo, aliyekwisha kufananishwa na mzimu kwa maneno ya waganga waongo, atakwenda kunawa wapi?

Jambo la tatu ni usalama wa kijana mwenyewe. Hapa kwetu ulinzi wa usiku wa sungusungu ulianza tangu miaka ya mwanzo ya 1980, na bado watu huitana kwa yowe. Mji wetu ni wa njia kuu. Malori yanayokwenda Nyakanazi hadi Rwanda na Burundi hupita usiku kucha, na wageni wanaofuata dhahabu hatuwajui wote kwa sura. Mtu aliyefunika uso akionekana penye giza ataitiwa mwizi au mchawi kabla hajapata nafasi ya kuvua kinyago na kutaja jina la baba yake. Wananchi wenye hasira kali hawana kawaida ya kuuliza mara mbili. Hata sheria ya nchi haina mzaha: Sheria ya Uchawi, iliyokuwapo tangu mwaka 1928, humhesabu mkosaji mtu anayejionyesha kwa maneno au vitendo kuwa ana uwezo wa uchawi. Kijana anayejitundika vibuyu na mapembe shingoni ili kuwachekesha wenzake ayajue hayo.

Na kwa kuwa vazi hili ni la kujitengenezea, tuwatahadharishe wazazi juu ya malighafi. Katika maeneo yetu ya uchenjuaji wa dhahabu hutumika zebaki na sianidi. Gunia, kiroba au dumu lililookotwa karibu na sehemu hizo lisifanywe nguo wala kinyago cha kuvutia pumzi. Sumu haijui kwamba huu ni mchezo.

Tumesikia hoja kutoka kwa vijana wenyewe, nayo ni hoja yenye akili. Wanasema: mbona Wasukuma wana Wagika na Wagalu, wanaocheza kwa mavazi ya ajabu, wengine na fisi na wengine na nyoka, na watu hukusanyika kushangilia? Ni kweli, mashindano hayo ya ngoma ni ya zamani, na umati hujaa baada ya mavuno. Mambo ya dawa na makafara yanayoambatana na ngoma hizo Muislamu hashiriki. Lakini hata tukiyaweka hayo kando, mfano wenyewe unawapinga wanaoutoa. Mchezaji yule huvaa mchana, uwanjani, ngoma ikilia, na aliyekuja kutazama amekuja kwa miguu yake. Ngoma ikiisha, huvua. Hazunguki na fisi wake usiku kwenye nyua za watu wasiomwita. Wazee wetu, hata kabla nuru ya Uislamu haijawafikia wengi wao, walijua kwamba kinyago kina uwanja wake.

Basi, tumjibu mama yule na wazazi wote wenye swali kama lake.

Kwanza, kijana asinyang'anywe sindano. Apewe kazi. Idd inapokaribia, madrasa nyingi huandaa maonesho ya watoto. Ashone yeye mavazi ya maonesho hayo. Amvishe mtoto mmoja kama mkulima wa pamba, mwingine kama daktari, mwingine kama fundi seremala. Na akipenda mbawa, amtengenezee mtoto farasi mwenye mbawa za matambara mfano wa yule wa Bibi Aisha. Vazi lisitiri uchi, mvulana asivae la kike wala msichana la kiume, na lisibebe alama za ibada isiyokuwa yetu.

Pili, familia iweke mipaka iliyo wazi. Vazi la mchezo livaliwe mchana, mahali ambapo kila aliyepo anajua kuwa ni mchezo na ameridhia. Lisivaliwe njiani, dukani wala mlangoni kwa mtu. Uso usifunikwe nje ya nyumba baada ya jua kuzama. Na mtu yeyote, awe mzee, mgonjwa, mlemavu au mwenye ualbino, asifanywe kuwa vazi.

Tatu, aliyekwisha kumshtua jirani aende akamwombe radhi, mchana, uso ukiwa wazi, akiwa na mzazi wake. Tunalisisitiza hili. Bibi akimwona mtoto yule kwa sura yake, akamjua ni mjukuu wa nani, na akamsikia akisema shikamoo, hofu yake itapata jina na kupungua. Majirani nao watakaosikia habari hiyo watajua kwamba lile umbo la usiku lilikuwa mtoto wa fulani na shuka lake, na tuhuma haitapata pa kukaa. Kuomba radhi huko huenda kukalinda uhai wa mtu.

Allah (s.w.), katika Surat al-A'raf, ametukumbusha kwamba ametuteremshia vazi la kufunika tupu zetu na vazi la pambo, kisha akabainisha kwamba vazi la ucha Mungu ndilo bora. Tunamuomba atuvishe sisi na watoto wetu vazi hilo, aitie baraka mikono yao yenye ufundi, na awafanye majirani zetu walale kwa amani kutokana na sisi. Aamin.

Wabillahi tawfiq.