Hadaa ya Njia Tambarare

Mwenye kuitazama ramani ya njia ya mfereji wa Chesapeake na Ohio, inayoandamana na Mto Potomac tangu Georgetown, mjini Washington, hadi Cumberland katika jimbo la Maryland, ataona kwamba katika kilomita 297 ardhi hupanda takriban mita 184 tu, na aghalabu atadhani kuwa anayekimbia marathoni hapo mwezi wa Aprili, baridi imekwisha na jua limechomoza, amepewa sadaka. Mimi nasema ametegewa mtego, nami ni miongoni mwa walionaswa.

Njia hiyo haikusawazishwa kwa ajili yetu. Mfereji ulianza kuchimbwa mwaka 1828, na kandoni mwake wakapita nyumbu, au baghala kama walivyowaita wazee wa pwani, wakikokota mashua za makaa ya mawe kwa kamba, hata gharika ya 1924 ikaikomesha kazi hiyo. Wenye mashua, ambao hawakusifika kwa huruma, waliwabadilisha wanyama wao kwa zamu, maana nyumbu ni mali, na mwenye mali hujua kuwa ardhi tambarare nayo huchosha. Mkimbiaji hana wa kumpokea zamu. Mlimani mtu hutembea bila haya, na misuli hupokezana kazi, hii wakati wa kupanda na ile wakati wa kushuka. Ama kwenye tambarare hatua ni ileile tangu mwanzo hata mwisho, wala hapana kilima cha kumpa mtu udhuru wa kupunguza mwendo.

Na hari ya majira ya machipuo, ubaya wake si ukali, ni kuja kwa ghafla. Nyuzijoto 25, ambazo mtu wa Mombasa huona ni kipupwe, humwelemea aliyefanya mazoezi yake yote katika theluji, kwa kuwa mwili huhitaji kama wiki mbili kuizoea hari, uongeze maji ya damu na kujifunza kutoa jasho mapema. Kabla ya hapo ngozi na miguu hugombea damu moja, moyo ukitaabika baina yao. Fauka ya hayo, miti ya Potomac, ambayo Julai huwa kama hema, Aprili haijatimiza majani.

Huko Boston, Aprili 2012, joto lilipita nyuzi 30. Geoffrey Mutai, aliyeshinda mwaka uliotangulia kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2, aliishia njiani. Mkenya mwenziwe Wesley Korir, aliyeridhika kuachwa nyuma na viongozi, akawapita mwishoni, akashinda kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 40. Ikiwa bingwa hulilipa jua dakika tisa, sisi wa mkiani tunalidai punguzo kwa hoja gani?

Rai yangu, basi, ni kwamba waandaaji waanzishe mbio hizi alfajiri, na kila mkimbiaji aufute asubuhi hiyo muda aliojipangia Januari. Mimi sikuufuta. Nilipofika kilomita ya 29 nilikuwa nimeketi juu ya jiwe la lango kuukuu la mfereji, mapaja yamekakamaa, nikimtazama kobe aliyepanda gogo majini, shingo kainyosha, akiliota jua lilelile.