Adabu Haizaliwi na Fimbo

Imani iliyoenea majumbani na shuleni kwamba mtoto asiyechapwa hawezi kuwa na adabu imekita mizizi kiasi kwamba "nitakutia adabu" sasa ni tishio la kipigo, ingawa imani hiyo inachanganya maneno mawili yanayofanana kwa sauti tu. Adhabu imetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mateso, linaloanza kwa herufi ya ain na kufuatiwa na dhali, ilhali adabu imetokana na adab, neno la mzizi mwingine kabisa, ambalo kwa karne nyingi limebeba maana ya mwenendo mwema, malezi na elimu, na ambalo Waarabu wa leo hulitumia pia kuiita fasihi.

Katika dola ya Abbasi, mwalimu wa watoto wa watawala aliitwa muaddib, yaani mtia adabu, na mmoja wao alikuwa al-Kisai, bingwa wa sarufi na usomaji wa Kurani, aliyewafunza al-Amin na al-Mamun, wana wa Harun al-Rashid. Ni kweli kwamba taadibu, yaani tendo la kutia adabu, katika fikihi hujumuisha pia adhabu ndogo ya kurekebisha, lakini sehemu hiyo moja haiwezi kusimama badala ya mafunzo yote. Pwani nako, Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, alipomtungia bintiye utenzi wa wosia mnamo mwaka 1858, alimwita aje karibu akiwa na wino na karatasi.

Wanaotetea kiboko husema kwamba sheria inawaruhusu, na nchini Tanzania ndivyo ilivyo, ingawa Kenya iliondoa viboko shuleni mwaka 2001. Hata hivyo, kanuni za Tanzania zinazoweka kikomo cha viboko vinne na kutaka kila kipigo kiandikwe daftarini zinakiita kitendo hicho adhabu. Mtoto anayenyamaza kwa kuwa fimbo iko mezani ana hofu, na hofu hiyo huondoka pamoja na mwenye fimbo, ilhali mwenye adabu humpisha mzee kiti hata pasipo wa kumtazama. Basi mzazi au mwalimu anayechapa na akiri kwamba ameadhibu, na kwamba kazi ya kutia adabu bado hajaianza.