Tuache Kuwasomea Wanafunzi Hadithi Zao

Umo ugonjwa katika madarasa yetu ya Kiswahili ambao umezoeleka mno hata sasa unaitwa ufundishaji. Mwalimu aingia na kitabu kimoja cha hadithi fupi mkononi. Awaamuru wanafunzi wafungue madaftari, kisha aandika ubaoni: dhamira, ujumbe, falsafa, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Chini ya kila neno atoa jibu, nao walinakili mpaka kengele igonge. Kesho yake hadithi nyingine, na mtindo ni ule ule. Mwisho wa muhula daftari limejaa, mwalimu mkuu ameridhika, mthibiti ubora wa shule ametia saini yake, na mtoto wa miaka 13 hajasoma hata hadithi moja.

Nasema hajasoma, wala sitii chumvi. Kunakili yale ambayo mtu mwingine ameyaona katika hadithi si kusoma. Watetezi wa mtindo huu ni wengi, na hoja zao twazijua: muda hautoshi, mtihani u mlangoni, vitabu ni haba. Nitazijibu. Lakini kwanza yafaa tuelewane juu ya kile kinachopotea.

Tuseme hadithi yenyewe ina kurasa nne, nayo yahusu karani wa mizani katika chama cha ushirika cha wakulima wa pamba. Msimu mzima karani huyu amewapunja wakulima kwa kutegeza goti lake chini ya gunia linaloning'inia, uzito ukasomeka pungufu. Katika ukurasa wa mwisho afika bibi kizee na gunia lisilojaa. Karani arudi nyuma hatua moja, mizani yasimama mahali pake pa haki, naye aandika kilo kama zilivyo. Hadithi yaishia hapo. Mwandishi hakusema kwa nini.

Mwalimu wa kunakilisha atamaliza kazi hii kwa mistari miwili: dhamira, dhuluma, ujumbe, tuwe waaminifu. Lakini mwanafunzi aliyeachwa peke yake na kurasa zile nne atakwama pale pale ambapo mwandishi alitaka akwame. Kwa nini karani alirudi nyuma? Je, aliogopa macho ya watu waliokuwa kwenye foleni? Aliona haya? Au bibi yule alimkumbusha mama yake, ambaye katika ukurasa wa pili tuliambiwa kwamba alikufa akidai malipo ya pamba yake? Mtoto atafunua nyuma kuutafuta ukurasa wa pili. Kule kufunua nyuma ndiko somo lenyewe, wala hakuna daftari liwezalo kumfunulia.

Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitaka shule zetu zimjengee kijana akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kutokana na wanayofanya wengine, akiyakataa au kuyarekebisha yafae mahitaji yake, na hali ya kujiamini akiwa mtu huru aliye sawa na wenzake. Wengi wetu tuliyafasiri maneno hayo kuwa ni jembe na bustani ya shule tu. Jembe lilikuwamo, naam. Lakini kijana anayelima ekari nzima na hawezi kusema hadithi ya kurasa nne inahusu nini mpaka aambiwe, huyo bado ni tegemezi, tena tegemezi wa fikra. Taifa lililipa kusoma uzito mkubwa zamani zile. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam Desemba 9, 1967, sikukuu ya Uhuru. Na mwaka 1974, katika Kanda ya Ziwa, lilianzishwa gazeti la vijijini la Elimu Haina Mwisho, ili mtu mzima aliyetoka katika kisomo apate cha kusoma mwenyewe asije akazisahau herufi.

Sisi tulio maofisini twayavuna matunda ya uzembe wa leo. Waraka wafika, kurasa tatu, Kiswahili safi, watu sita waupokea, na wote sita wauliza, "Ati unasemaje?" Na huko kijijini mwananchi aliyemaliza shule atia saini mkataba wa ardhi kwa sababu aliyeuleta amemweleza kwa mdomo kilichomo.

Basi mwalimu afanye nini? Asidhani kwamba nasema atamke "Someni!" kisha aende kunywa chai. Huko ni kutelekeza. Wala asiwapange wasome kwa sauti, kila mmoja aya yake. Mtindo huo humwaibisha asiyesoma vizuri, na aliyekwisha soma aya yake husinzia. Kazi yake ni kumwandaa msomaji, kisha kumpisha. Aeleze maneno matatu au manne tu yatakayofunga njia, aulize swali moja la kuamsha hamu, na mwisho wa hadithi asiutaje kabisa. Usomaji wa kwanza uwe wa kimya, bila kalamu. Katika wa pili mwanafunzi ashike penseli, aweke alama mahali mambo yanapogeuka, na aandike maswali matatu: moja lenye jibu lililo wazi, moja linalotaka kuunganisha sehemu mbili za hadithi, na moja ambalo hadithi haikulijibu. Mwalimu apite baina yao akiinama kwa kila anayesita, asimpe jibu bali amwulize, "Umeliona wapi? Nionyeshe mstari." Baadaye ndipo wajadiliane. Wawili wakitofautiana juu ya karani yule, na kila mmoja ana mstari wake, mwalimu asifanye haraka kuamua nani kashinda.

Kuhusu vitabu: darasa la wanafunzi 60 lenye nakala 15 laweza kusomesha 15 kila siku, wengine wakifanya zoezi la sarufi, kwa siku nne wote wamesoma, na Ijumaa ni mjadala. (Watoto hutunza siri ya mwisho wa hadithi vizuri kuliko tunavyodhani.) Kuhusu muda: tunanakilisha hadithi nane zisizosomwa na mtu, heri tatu zisomwe. Kuhusu mtihani: msahihishaji yeyote aliyekaa na bunda la karatasi anayafahamu majibu yanayofanana hata makosa yake ya tahajia, na anajua yametoka ubaoni.

Lililobaki ni la wakubwa wa elimu wilayani. Mwalimu hawezi kuacha kujaza madaftari ikiwa anayemkagua huhesabu kurasa zilizojaa. Wathibiti ubora wakifika darasani wamwite mwanafunzi mmoja, wampe hadithi ambayo hajapata kuiona, wamwachie dakika 20, kisha wamwulize ameelewa nini na amekiona wapi. Daftari lake laweza kuwa na mistari mitatu tu siku hiyo, na mwalimu wake asiandikiwe kosa.