KORBANI YA SIKU HIZI: MZEE WAKO ANAHITAJI MAOMBI NA CHANJO

Soma: Marko 7:9-13 na Kumbukumbu la Torati 22:8

 

Ujumbe wa leo si wa kubembeleza. Nazungumza na wewe uliye na mama, baba, shosho au guka aliyepita miaka 65. Na nazungumza nawe hasa kama umewahi kusambaza ile sauti ya WhatsApp inayosema mtu aliyeokoka hahitaji sindano.

Fungua Marko sura ya 7. Yesu anawakabili watu wa dini, watu wa kufunga na kuomba. Walikuwa na mali ambayo ingewasaidia wazazi wao. Lakini mzazi alipohitaji msaada, walisema neno moja: Korbani. Yaani hii nimeshamtolea Mungu. Mzazi anarudi mikono mitupu, na mtoto anaonekana wa kiroho. Yesu hakusema sadaka ni mbaya. Alisema wametumia mapokeo yao kuifuta amri ya Mungu ya kuwaheshimu baba na mama.

Sasa isikie Korbani ya siku hizi: "Mama yangu yuko mikononi mwa Bwana, hahitaji chanjo."

Ni maneno matamu. Yanapata Amina nyingi. Lakini kama unayasema ili usimtafutie mama yako usafiri wa kwenda kliniki, ili usitoe shilingi zako, ili usisumbuke kupiga simu hospitalini, basi ndugu yangu, hiyo ni Korbani. Umelichukua jina la Mungu ukajifichia.

TUMJUE ADUI

Wengi wetu tukisikia homa ya mafua tunafikiria pua inayotiririka, tangawizi na ndimu, siku tatu umepona. Hayo ni mafua ya kawaida. Homa ya mafua ile madaktari wanaiita influenza ni kitu kingine. Inakuja ghafla. Asubuhi mtu yuko shambani, jioni mwili wote unauma, kichwa kinapasuka, kikohozi kikavu, hawezi kuinuka kitandani.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka inawaua watu kati ya 290,000 na 650,000 duniani kwa matatizo ya kupumua peke yake. Na haiwachagui sawasawa. Marekani, ambako wanahesabu kwa makini, kati ya asilimia 70 na 85 ya wanaokufa kwa homa hii kila msimu ni watu wa miaka 65 na zaidi.

Kwa nini wazee? Kwa sababu askari wa mwili nao huzeeka. Virusi vinaingia kwenye mapafu, nimonia inafuata nyuma. Mwenye kisukari, sukari yake inavurugika. Mwenye presha na moyo dhaifu ndiye yuko hatarini zaidi. Utafiti uliofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika siku 7 za kwanza baada ya kupimwa na kukutwa na homa ya mafua, hatari ya mshtuko wa moyo ilikuwa karibu mara sita. Kwa hiyo ukisikia mzee wa kijijini "alikuwa na homa kidogo tu, halafu moyo ukasimama," usikimbilie kusema amerogwa.

Tena mzee anaweza asipate joto kali la mwili. Anakataa chakula. Anachanganyikiwa, anaanguka njiani kwenda msalani. Nyinyi mnasema ni uzee. Wakati mnaposhtuka, anatafutiwa oksijeni.

Na usisubiri theluji kama ya Ulaya ndiyo uogope. Hapa kwetu kwenye ikweta virusi hivi huzunguka karibu mwaka mzima. Na dawa za antibiotiki unazonunua kwa kemisti haziviui, kwa maana ni virusi, si bakteria.

UKINGO WA PAA

Kumbukumbu la Torati 22:8. Mungu aliwaagiza Israeli kwamba mtu akijenga nyumba mpya, aweke ukingo kuzunguka paa, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Fikiria jambo hilo. Mungu aliyegawanya Bahari ya Shamu hakushindwa kumdaka mtu anayeanguka kutoka paani. Lakini alisema: jenga ukingo. Na usipojenga, damu itaulizwa kwako.

Chanjo ni ukingo. Inaonyesha mwili sura ya adui kabla hajafika, ili siku akifika wapiganaji wako tayari. Kwa kuwa virusi hivi hubadilika, mara mbili kila mwaka wataalamu wa dunia hukaa chini kuamua chanjo inayofuata itengenezwe dhidi ya aina gani. Ndiyo maana inachomwa kila mwaka. Ukingo wa mwaka juzi umeshalegea.

Sitakudanganya kwamba ni ukuta wa chuma. Mwaka ambao chanjo imelingana vizuri na virusi, hupunguza hatari ya kuugua kiasi cha kwenda kwa daktari kwa asilimia 40 hadi 60. Kwa wazee nguvu yake hushuka, na ndiyo sababu tangu mwaka 2022 Marekani inapendekeza watu wa miaka 65 na zaidi wapewe chanjo zilizoongezewa nguvu, zikipatikana. Zisipopatikana, ile ya kawaida bado ni bora kuliko mkono mtupu. Hata anayeugua baada ya kuchanjwa, mara nyingi haugui vibaya kama ambaye hakuchanjwa.

Mkanda wa matatu nao hauzuii kila kifo. Mbona unaufunga, na ulishaombea safari?

"LAKINI MCHUNGAJI..."

"Lakini mchungaji, damu ya Yesu yanitosha." Kwa wokovu wako, ndiyo, na mtu asikuongezee kitu. Lakini kanisani tuna askari langoni. Tuna kufuli kwenye ofisi. Sadaka ikishahesabiwa inaingia kwenye sefu. Hakuna aliyewahi kusimama akasema sefu ni ukosefu wa imani. Sadaka tunaiwekea kufuli, shosho tunamwekea maombi peke yake!

"Lakini mchungaji, Mungu ameahidi uponyaji." Soma 2 Wafalme sura ya 20. Hezekia alikuwa ameshapewa ahadi ya kupona na kuongezewa miaka 15. Ahadi ilitoka kwa Mungu mwenyewe. Bado nabii Isaya akaagiza waletwe tini, zikawekwa juu ya jipu. Isaya hakuona aibu kutumia dawa, na Paulo hakuona aibu kusafiri na Luka tabibu. Wewe umepata wapi ufunuo mkubwa kuwapita hao?

"Lakini mchungaji, chanjo yenyewe huleta homa." Chanjo ya sindano imetengenezwa kwa virusi vilivyouawa au kwa vipande vyake tu. Haiwezi kukupa homa ya mafua. Mkono utauma, unaweza kuchoka na kuhisi homa kidogo siku moja au mbili. Kinga nayo huchukua kama wiki mbili kujijenga, kwa hiyo anayeambukizwa katikati hapo huisingizia sindano. Madhara mazito yapo, lakini ni adimu sana. Kama mzee aliwahi kupata mzio mkali kwa chanjo, mwambie daktari kabla. Kama ana homa kali siku hiyo, asubiri apone.

"Lakini mchungaji, ni alama ya mnyama." Ndugu, alama ile katika Ufunuo inahusu ibada, nani unamsujudia. Shosho anayechomwa sindano huku anaimba pambio hajamsujudia mnyama yeyote. Ndui ilimaliza vizazi vya babu zetu. Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida duniani alikuwa jirani yetu Somalia, mwaka 1977. Iliondolewa kwa chanjo. Kama chanjo ni kazi ya shetani, mbona iliharibu kazi ya shetani?

Shetani alimpeleka Yesu juu ya hekalu, akamtolea andiko, akamwambia ajitupe. Yesu alikataa, kwa sababu kumjaribu Mungu si imani. Angalia basi wanaomnong'oneza mzazi wako ajitupe huku wamenukuu andiko. Nchi hii ilichimbua zaidi ya miili 400 msituni Shakahola. Mafundisho yanayomfanya mtu aliyeokoka aikimbie hospitali tunajua yanaishia wapi.

TUNACHANGIA MAZISHI

Sasa hapa nitagusa mahali panapouma.

Mzee akifa, kundi la WhatsApp linafunguliwa saa hiyo hiyo. Kamati inakaa. Majina yanapangwa moja hadi mia, kila mmoja na M-Pesa yake. Hema, viti, gari la maiti, fulana zenye picha yake, ng'ombe wawili, mpiga video. Mtoto aliyekuwa hapatikani kwa simu anatoa elfu hamsini na anataka jina lake lisomwe.

Chanjo ya homa ya mafua kwa wazee bado haimo kati ya zile chanjo za kawaida zinazotolewa bure kama za watoto. Mara nyingi hulipiwa kwenye hospitali za binafsi, na kwa mama mjane anayeuza mboga hiyo si pesa ndogo. Najua. Lakini ni pesa ndogo sana ukiiweka kando ya bili ya siku moja katika chumba cha wagonjwa mahututi, na ni ndogo kuliko hema la mazishi. Watoto wanne wakigawana, hakuna atakayelala njaa. Tunapata wapi ujasiri wa kumlilia kaburini mtu tuliyekataa kumchangia akiwa hai?

Nimeiomba kamati ya ustawi ya kanisa letu iandike majina ya wazee wasio na mtu wa kuwalipia. Na viongozi wetu wa kaunti wasifikiri hili ni la kanisa peke yake. Mwanasiasa anayekuja kwenye mazishi ya mzee kutoa hotuba, muulize kliniki ya wazee iko wapi.

NA WEWE KIJANA WA KWAYA

Usijitoe. Mzee mara nyingi haendi kuitafuta homa, analetewa. Mtoto anaitoa shuleni, wewe unaitoa kwenye matatu, na mtu huanza kuambukiza hata siku moja kabla hajajisikia mgonjwa. Kisha Jumapili nasema, "Mshike jirani yako mkono," na jirani yako ni mzee wa miaka 78.

Kwa hiyo anayeishi na mzee au kumhudumia, naye achanjwe akiweza. Ukiwa na kikohozi na homa, kaa nyumbani, fuata ibada kwa simu. Wahudumu wa milango, fungueni madirisha hata kama ni Julai na baridi inauma. Huo nao ni upendo wa jirani.

KAZI YA WIKI HII

Kabla ya Jumapili, fanya mambo matatu. Mpigie mzazi wako simu, umweleze kwa heshima na umsikilize hofu yake. Ni mzazi, haburutwi. Piga simu kwa hospitali iliyo karibu naye uulize kama chanjo ipo na ni bei gani. Panga na ndugu zako nani atalipa na nani atampeleka. Mkifika, muulizeni daktari pia kuhusu chanjo ya nimonia.

Kisha mwombee. Mwekee mikono kabla ya sindano na baada ya sindano. Maombi hayajafutwa, mpendwa. Kilichofutwa ni kisingizio.

Tuombe: Baba, asante kwa wazazi uliotuachia. Tusamehe tulipolitumia jina lako kukwepa kuwatunza. Tupe moyo wa kutoa wakiwa bado wanaweza kutubariki kwa midomo yao. Wape hekima madaktari na wauguzi. Walinde wazee wa kanisa hili, na utufanye sisi tuwe ukingo wa paa lao. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Ukiwa umempigia mzazi wako simu, andika AMINA hapo chini. Kama hujampigia, piga kwanza. Kisha usambaze ujumbe huu mahali pale pale uliposambaza ile sauti.

Mchungaji wako, ninayekupenda.